Ibada kwa Kiswahili, Fomu kwa Kiingereza: Lugha ya Kuhudumia Katika Vyuo Vyetu

Yapo mambo ya chuo ambayo hayamo katika mhadhara wowote, nayo mara nyingi ndiyo huamua nani atavaa joho siku ya mahafali na nani atarudi kwao kabla ya wakati. Malazi, chakula, karo, matibabu, ushauri nasaha, ibada na ujirani wa bwenini ni miongoni mwayo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeijadili lugha ya kufundishia katika makongamano hadi wengine wetu wameichoka mada yenyewe. Makala haya yanakusudia kuijadili lugha nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni lugha ya kuhudumia: ile ambayo mwanafunzi hukutana nayo dirishani kwa mhasibu, kwenye fomu ya msajili, katika kanuni za bweni na mlangoni kwa mshauri.

Mfano nitakaoutumia ni wa vyuo vikuu vya Kilutheri vya jirani zetu Tanzania, na nimeuchagua kwa makusudi. Mimi ni mzaliwa wa Taveta. Kutoka kwetu hadi Holili ni mwendo mfupi, na Moshi iko karibu nasi kuliko Mombasa. Nina ndugu pande zote mbili za mpaka. Aidha, ni vigumu kupata jamii za vyuo ambamo Kiswahili kimeshika maisha ya kila siku kama kilivyoyashika huko. Ikiwa hata huko lugha ya kuhudumia inaweza kumwangusha mwanafunzi, basi kwetu tunapaswa kujiuliza maswali mazito zaidi.

Chuo kama jamii

Chimbuko la vyuo hivi ni chuo cha theolojia kilichoanzishwa mwaka 1947 huko Lwandai, katika milima ya Usambara, na kuhamishiwa Makumira mwaka 1954, karibu na Usa River, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na katika miaka ya 1990 kanisa hilo likaanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini, ambacho vyuo vyake vilienea Makumira, Iringa, Moshi na kwingineko. Baadhi ya vyuo hivyo vilikuja kujitegemea. Makumira yenyewe haikubaki kuwa mahali pa kuwaandalia wachungaji tu, bali ilipanuka na kufundisha pia ualimu, sheria na muziki.

Jambo linalovipa vyuo vya aina hii sura yake ya pekee ni dhana ya jamii. Katika chuo cha kanisa, mwanafunzi hatazamiwi kuwa namba ya usajili tu. Yupo mchungaji wa chuo, ipo ibada ndani ya ratiba ya wiki, zipo kwaya na vikundi vya maombi. Mgonjwa hutembelewa, na aliyefiwa huchangiwa. Lugha ya mambo hayo ni Kiswahili. Vitabu vya nyimbo vya KKKT ni vya Kiswahili, mahubiri ni ya Kiswahili, na mazoezi ya kwaya ni ya Kiswahili. Mchaga, Mhaya, Mnyakyusa na Msambaa hukutana katika sauti ya tatu bila kuhitaji mkalimani.

Isitoshe, wanafunzi wa Tanzania, wa vyuo hivi na vinginevyo, wamejitungia msamiati wao wa huduma. Fedha za mkopo za kujikimu wanaziita bumu. Mtihani wa marudio ni sapu. Kuondolewa masomoni kwa sababu ya kufeli ni kudisko. Maandishi ya kusomea yanayopita mkono kwa mkono usiku wa kuamkia mtihani ni desa. Msanifishaji anaweza kuyakunjia uso maneno haya, na pengine ana haki yake. Hata hivyo, ni ushahidi kwamba penye haja neno halikosekani. Jamii inapotaka kuzungumzia fedha zake, mitihani yake na hofu zake, haingoji kamati ya istilahi ikutane.

Lakini mwanafunzi huyo huyo akitoka kwenye mazoezi ya kwaya na kuingia darasani, hukutana na Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vya Tanzania, isipokuwa katika masomo ya Kiswahili chenyewe. Na karatasi za ofisini aghalabu hufuata lugha ya darasani, wala hazifuati lugha ya bwenini. Hapo ndipo penye mpasuko ninaotaka kuuonyesha.

Visanduku viwili

Binti wa mama mdogo, ambaye kwa desturi yetu ni dada yangu, alijiunga na chuo kimoja cha binafsi cha dini upande ule wa mpaka. Sikitaji kwa jina, wala si miongoni mwa hivi nilivyovitaja hapo juu. Alikuwa mwaka wa pili katika masomo ya ualimu, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya chuo. Mama mdogo akaugua ghafla. Baba yao alikuwa ameshafariki, na dada ndiye mzaliwa wa kwanza. Ilimlazimu arudi nyumbani kumuuguza mama na kuwatazama wadogo zake.

Jamii ya chuo ilimtendea wema ambao ukoo wetu haujausahau. Wenzake wa chumbani walipitisha daftari la mchango bwenini, wakampatia nauli na akiba ya siku kadhaa. Kwaya ilikwenda hospitalini Jumapili mbili mfululizo, ikaimba kwa sauti ya chini ili isiwasumbue wagonjwa wengine. Mchungaji wa chuo alikaa naye zaidi ya saa nzima, akamsihi asiharakishe kuamua lolote juu ya masomo yake. Nilipofika kumjulia hali mama mdogo nilikuta kando ya kitanda blanketi, ndoo na chupa ya chai, vyote vimeandikwa kwa rangi namba za vyumba vya wanafunzi. Yote haya yalitendeka kwa Kiswahili.

Kisha akaenda ofisini kuaga. Alipewa fomu ya ukurasa mmoja, ya Kiingereza kitupu. Katikati ya ukurasa palikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilikuwa cha mwanafunzi anayeahirisha masomo kwa muda, na cha pili cha mwanafunzi anayejiondoa chuoni moja kwa moja. Neno la kisanduku cha kwanza hakuwahi kulikuta popote. La pili alilijua, lakini kwa maana ya kutoa fedha benki. Alifikiri hivi: nimekwisha kulipa ada ya muhula, nami naondoka kabla haujaisha, basi bila shaka kisanduku hiki kinahusu fedha zangu zisipotee. Akatia alama kwenye kisanduku cha pili, akatia saini. Karani alikuwa na foleni ndefu, akapiga muhuri bila kuinua macho.

Mama mdogo alipona. Baada ya mwaka mmoja dada alirudi chuoni na sanduku lake la nguo, akaambiwa kwamba jina lake halimo. Kwa mujibu wa karatasi aliyoitia saini kwa mkono wake, alikuwa amejiondoa kwa hiari. Angeweza kuomba upya, kama mgeni, na kuanza mwaka wa kwanza. Fedha za kuanza upya hazikuwapo. Leo anauza nguo za mitumba katika soko la Himo.

Nilimwuliza mbona hakutaka kueleweshwa siku ile. Alisema aliona haya. Mwalimu mtarajiwa wa mwaka wa pili atasimamaje mbele ya foleni na kuuliza maana ya neno moja la fomu? Nilipomwarifu kwamba nimekusudia kuandika makala haya aliniambia, "Kaka, usiwalaumu. Wale watu walinipenda sana." Ninakubaliana naye, na hapo ndipo penye uchungu. Walimpenda kwa Kiswahili, wakampoteza kwa Kiingereza.

Meza ya Wittenberg

Kwa kuwa nazungumzia vyuo vinavyobeba jina la Ulutheri, si vibaya tukarudi kwa mwenye jina. Martin Luther alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, katika mji wa Wittenberg. Hoja zake 95 za mwaka 1517 aliziandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa zama zake, maana alikusudia mjadala wa kitaaluma. Zilipotafsiriwa kwa Kijerumani na kupigwa chapa, ndipo zilipowafikia watu ambao mambo yenyewe yaliwahusu. Mwaka 1522 alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani, na mwaka 1534 Biblia nzima. Katika waraka wake wa mwaka 1530 kuhusu tafsiri alieleza kwamba mfasiri hapaswi kuziuliza herufi za Kilatini namna ya kusema. Amsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Sisi tunaosoma nadharia za tafsiri tunaijua kanuni hii kwa majina mengine.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba nyumba yake ilikuwa pia bweni. Luther na mkewe, Katharina von Bora, waliishi katika jengo lililokuwa makao ya watawa, na Katharina alilifanya pawe mahali pa wanafunzi kupanga na kula kwa malipo. Alilima bustani, alifuga wanyama, alitengeneza bia, akailisha kaya kubwa. Waliokaa mezani pale waliyanukuu mazungumzo, na mwaka 1566 yakatolewa kitabuni. Katika maandishi yao ya awali Kilatini na Kijerumani vimechanganyika, pengine ndani ya sentensi moja. Mwanaisimujamii ataitambua hali hiyo mara moja: ni uchanganyaji msimbo ule ule tunaousikia katika bwalo la chakula, Kiingereza cha mhadhara kikipokezana na Kiswahili cha nyumbani.

Ninachotaka kusema ni kwamba mapokeo haya hayana sababu ya kuionea haya lugha ya nyumbani. Chuo cha Kilutheri kinachoimba kwa Kiswahili asubuhi na kumpa mwanafunzi aliyefikwa na msiba fomu ya Kiingereza mchana hakijamaliza kazi aliyoianza Luther. Kimeitafsiri injili, kikasahau kuitafsiri fomu.

Majibu kwa wenye shaka

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba chuo kikuu ni cha walimwengu. Vyuo vya Kilutheri vina uhusiano wa miaka mingi na makanisa ya Ujerumani, Marekani na nchi za Skandinavia, na wageni hao hawajui Kiswahili. Ni kweli. Hakuna anayedai Kiingereza kifutwe. Karatasi ina pande mbili, na gharama ya kuchapa upande wa pili ni ndogo kuliko gharama ya mwanafunzi aliyepotea.

La pili ni kwamba mwanafunzi aliyefanya mitihani ya sekondari kwa Kiingereza hawezi kushindwa na fomu. Hoja hii inachanganya sajili mbili. Kiingereza cha kitabu cha baiolojia si Kiingereza cha ofisi, kama vile Kiswahili cha tamthilia si Kiswahili cha mkataba wa nyumba. Tena watu hawaendi ofisini wakiwa wametulia kama watahiniwa. Huenda wakiwa na homa, na barua ya kudaiwa karo, au na simu iliyopigwa usiku kutoka nyumbani. Wakati huo hata lugha uliyofaulu hukuponyoka.

La tatu ni lile la siku zote, kwamba Kiswahili hakina istilahi za kisheria za kubebea kanuni za chuo. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ikiwa hukumu ya binadamu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ruhusa ya kuahirisha masomo itashindikanaje? Maneno tunayo: kuahirisha masomo, kujiondoa chuoni, kukata rufaa, kurejeshewa ada, kuvunja mkataba wa malazi. Hakuna hata moja hapo linalohitaji kamusi.

Boriti katika jicho letu

Msomaji asidhani kwamba nimevuka mpaka ili kuwacheka jirani. Huko, mwanafunzi akitoka ofisini hukutana na Kiswahili mlangoni. Kwetu Kenya hata kwenye jamii ya chuo tunakibania. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, barua ya kuomba ukumbi kwa ajili ya kongamano la chama chetu cha Kiswahili tuliiandika kwa Kiingereza, tukiamini kwamba ya Kiswahili ingekawia kujibiwa. Niliiandika mimi mwenyewe. Sikulazimishwa na mtu, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Tutazame ushauri nasaha. Vyuo vingi vya binafsi vya kidini nchini mwetu vina kasisi na vina mshauri, na huduma hizo husifiwa katika vijitabu vya kuwakaribishia wanafunzi wapya. Mwanafunzi aliyechoka na maisha hukaa mbele ya mshauri na kujikuta anatafsiri huzuni yake kabla ya kuisema. Huzuni ikitafsiriwa hupungua uzito, na mshauri huandika kwamba hali si mbaya. Jioni mwanafunzi huyo huketi jikoni na mpishi, au langoni na mlinzi wa zamu, akasema yote. Wapishi na walinzi wa vyuo vyetu wamewashauri wanafunzi wengi ambao hawamo katika ripoti yoyote, na sababu moja ni kwamba wanazungumza nao kwa lugha isiyohitaji kuvaliwa tai.

Lazima pia tuwe wakweli. Kwa wenzetu wengi Kiswahili si lugha ya mama. Mturkana au Mkisii aliyejifunza Kiswahili shuleni anaweza kupotezwa na Kiswahili kigumu kama vile dada yangu alivyopotezwa na Kiingereza. Fomu iliyojaa maneno ya kamusi, iliyoandikwa ili kuonyesha umahiri wa mfasiri, itakuwa ukuta mwingine tu, uliopakwa rangi ya uzalendo. Lugha ya kuhudumia haina budi kueleweka na anayehudumiwa. Hicho ndicho kipimo chake.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Ninapendekeza jambo dogo. Idara zetu hufundisha tafsiri na ukalimani, na kila mwaka wanafunzi hutafsiri vifungu ambavyo hakuna mtu atakayevisoma baada ya kusahihishwa. Kwa nini tusitafsiri karatasi za vyuo vyetu wenyewe? Tuanze na tano: fomu ya kuahirisha masomo, ya kujiondoa chuoni, ya kukata rufaa ya matokeo, mkataba wa malazi, na maelezo ya matibabu. Kila moja ipitiwe na mhadhiri, kisha ipelekwe kwa wakuu wa chuo ili waithibitishe, kwa kuwa karatasi ya kisheria haitolewi kienyeji.

Kabla ya kuipeleka huko, ijaribiwe. Apewe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyesoma Kiswahili. Apewe na mpishi wa bwalo. Wasiulizwe kama wameielewa, maana kila mtu hujibu ndiyo. Waulizwe: ukitia saini hapa, kesho itakuwaje? Wakijibu sawasawa, tafsiri imefaulu. Wakikosea, kosa ni letu, si lao.

Kazi hii ina faida nyingine kwetu sisi tulio katika Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili Afrika Mashariki. Mkenya husema karo, Mtanzania husema ada. Sisi tuna bewa, wao wana kampasi. Tukiandaa karatasi hizi kwa ushirikiano, tutalazimika kukubaliana, au angalau kujua ni wapi tunapotofautiana. Mjadala wa istilahi za Afrika Mashariki utapata mahali pa kukanyaga. Na chuo cha Kilutheri cha Arusha au cha Kianglikana cha Kenya kikipata fomu zilizo tayari, kisingizio cha gharama kitakuwa kimepunguzwa.

Dada yangu bado anayo nakala ya ile fomu, imekunjwa mara nne ndani ya Biblia yake. Aliniazima. Niliitafsiri alasiri moja nikiwa nimeketi kwenye benchi la kibanda chake sokoni, na haikunichukua saa mbili, pamoja na kukatizwa na wateja. Nilipomaliza nilimsomea. Kabla sijafika mwisho wa sentensi ya pili aliweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza, akakiacha hapo kwa muda, kisha akainuka kumhudumia mteja.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila Septemba vyuo vyetu hupokea wageni wapya. Fomu zinazowangoja zimo kabatini tayari, nasi tumefundishwa kuzitafsiri.